Mbwa wa Ghorofa na Beberu wa Idd

Siku ya kuniaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijui ni nani aliyefikiri kwamba mtu akiacha kazi ndipo anapohitaji sana kujua ni saa ngapi. Ninyi vijana wa mifugo mliobaki mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi yetu, na najua mlitarajia ngamia. Ngamia mtawakuta, hawaendi popote. Mimi nitaandika juu ya mbwa wadogo, wale wa kubebwa kwa kikapu, kwa sababu chuoni hawakutufundisha habari zao, na kadiri maghorofa ya Isiolo yanavyoongezeka ndio watakaojaa kwenye benchi lenu kila asubuhi.

Nilianzia Garbatulla. Nilishuka kwenye lori nikiwa nimevaa viatu vyeupe, ushahidi wa kutosha kwamba nilitoka milimani Meru na kwamba sikuwa nimemuuliza mtu swali lolote. Aliyenipokea alikuwa Mzee Galgalo, mhudumu wa mifugo aliyezeekea kazini, ambaye wafugaji walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mkubwa wetu. Alivitazama viatu, akalitazama zizi la ngamia, akasema, "Karibu, daktari. Hiyo viatu itajua kazi kabla yako."

Ilijua, na mapema.

Galgalo ndiye aliyenifundisha kufunga uzi kwenye kipimajoto na kuubana uzi huo mkiani kwa kibanio cha nguo. Kipimajoto kisicho na uzi, alisema, kina safari zake, na hutapenda kukifuata huko kilikokwenda. Alinifundisha kumpa mnyama mkono wangu aunuse kabla sijamgusa. Na alinifundisha kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Kazi yake nini?" Mfugaji hakuletei mnyama tu. Anakuletea maziwa ya watoto, au mzigo wa maji kutoka kisimani, au mahari ya kijana wake. Ukijua kazi ya mnyama utajua mwenyewe anaogopa kupoteza nini, na hapo ndipo matibabu yanapoanza.

Nililiuliza swali hilo kwa punda, kwa ng'ombe, kwa majogoo wa kupigana ambao wenye nao waliapa kwamba ni wa kutaga. Lilinifaa kila mahali mpaka nilipohamishiwa Isiolo mjini. Lami ilikuwa imefika, flati zinachipuka, na watu wa ofisi wakaanza kushuka kutoka Nairobi na wanyama ambao sikujua niwashike wapi. Wa kwanza alikuwa Pomerania, manyoya matupu yenye macho mawili, mikononi mwa kijana wa benki.

"Kazi yake nini?" nikauliza, kwa mazoea.

"Ananipenda," kijana akajibu.

Nikampima joto. Mbwa, si kijana.

Basi nikajifunza upya, na haya ndiyo niliyojifunza. Pomerania msimnyoe hata mwenyewe akilia kwamba Isiolo ni joto, kwa sababu yale manyoya ndiyo kivuli chake, na yakinyolewa huenda yasirudi vizuri. Maltizi ni mpole na anafaa flati, lakini hapa kwetu kila mwiba ulioanguka utaishia kwenye nywele zake, kwa hiyo mwenye mbwa asipokuwa na kitana mwambieni anunue kuku. Daksi, yule mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, asiachwe apande na kushuka ngazi za ghorofa siku nzima, maana mgongo wake utampa shida uzeeni. Chiwawa hachukui nafasi na haogopi kitu, ila taya lake ni dogo na meno yamebanana, yanaoza mapema. Wote wapimeni kwa ile mizani ya kuning'iniza tunayopimia wana-mbuzi, mkimweka mbwa kwenye kikapu. Na wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mdogo akipata kichaa, kichaa chenyewe si kidogo.

Kuhusu safari, kuna mbwa wa gari na mbwa wa kubaki. Pagi, yule aliyebonyea uso kama aliyegonga ukuta, ni wa kubaki. Afisa mmoja wa maji alimchukua wake kwenye pikapu akaelekea naye Sericho mchana wa jua kali. Pua fupi haiwezi kupoza hewa, na kabla hawajafika mbali mbwa alikuwa amelala ulimi nje, anakoroma. Alirudishwa kwangu mbio. Tulimlowesha tumbo na makwapa kwa maji ya kawaida, tukampepea kwa faili la ofisi, na akapona. Afisa alinishukuru akasema safari ijayo atamnunulia miwani ya jua. Nikamwambia safari ijayo amnunulie jirani wa kumwachia.

Kesi ambayo nilishindwa kujizuia kucheka ilitoka Merti. Mzee mmoja alikuja na Chiwawa ndani ya koti. Mwanawe wa Nairobi alikuwa amemletea mbwa wa kulinda ngamia, na mzee alikuwa amesubiri kwa subira yote aliyopewa na Mungu.

"Daktari, hii mbwa haikui. Nimepatia maziwa ya ngamia, nimepatia mafuta ya kondoo. Inanona tu upande."

"Mzee, huyu amekomaa. Ndivyo walivyo."

"Amekomaa?" Alimtazama yule mbwa kwa huruma kubwa. "Basi fisi ataona aibu kula hii."

Alirudi naye Merti. Nilisikia baadaye kwamba mbwa analala kwenye kofia ya mzee, na mzee hataki mtu aulize.

Sasa nifike kwa Kamanda, aliyekuwa mgonjwa wangu wa mwisho mwenye kesi ngumu.

Kamanda naye alikuwa Chiwawa, wa rangi ya chai ya maziwa, na alikuwa wa dereva wa lori lililokuwa likileta mbuzi mjini kutoka Merti. Alisafiri juu ya dashibodi mbele ya usukani, kifua mbele, na dereva alimtambulisha kwa askari wa vizuizi kuwa ndiye taniboi wake, yaani msaidizi wake wa lori. Mbuzi wakipakiwa, alishuka naye kusaidia, kwa kelele zaidi kuliko nguvu. Mimi nilimjua kwa sababu nilimng'oa meno, moja baada ya lingine, miaka ilivyosonga, mpaka yakabaki machache ya mapambo. Kisha dereva akaugua, akafa. Mjane wake, Mwalimu Akiru, Mturkana wa maneno machache anayefundisha shule ya msingi, akaiacha nyumba yao kubwa na kuhamia chumba cha ghorofa ya pili karibu na shule, katika jumba la Haji Wario.

Haji alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kabla hajawa mwenye nyumba, na ndani ya moyo wake hajawahi kuacha. Nyuma ya jumba alikuwa na zizi, na zizini alikuwa akimnonesha beberu mweusi wa kuchinja Idd, aliyeitwa Guracha. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Guracha hakuwa na kamba. Alipanda ngazi ya nje ya chuma mpaka juu ya paa kunakoanikwa nguo, akala mashuka, akala aproni ya nesi, akala kanzu ya Haji mwenyewe. Na hakuna aliyethubutu kumpiga, kwa sababu mnyama wa Idd hatakiwi kuwa na kilema. Asichechemee, asivunjike pembe, asitoboke jicho. Kwa Haji hata mkwaruzo ulikuwa mwingi. Wapangaji wakabaki kumsihi kwa maneno mazuri, naye Guracha akiwatazama huku akitafuna soksi.

Majirani walipogundua kwamba kwa mwalimu kuna mbwa, walilalamika, na hoja yao ilikuwa ya kweli: ngazi ni moja, watu wana udhu wao, na mate ya mbwa ni shida. Haji akabandika tangazo chini ya ngazi kwamba mbwa hawaruhusiwi. Tangazo lilibandikwa asubuhi. Kufikia adhuhuri Guracha alikuwa amelila. Lakini Haji alikuwa amekwisha kusema kwa mdomo pia: mwezi ukiisha, mbwa atoke au mwalimu atoke.

Mwalimu alijaribu. Alimpeleka Kamanda kwa dada yake Garbatulla. Kamanda akakataa kula, akaenda kukaa kando ya barabara kusubiri malori, mpaka dereva mmoja aliyemjua akampandisha kwenye dashibodi na kumrudisha mjini bila kumuuliza mtu. Ndipo mwalimu akaja ofisini na kikapu, akakiweka mezani kwangu, hakukaa.

"Dada daktari, nimekuja umdunge ile sindano ya mwisho."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Hana pa kwenda. Nyumba zingine ziko mbali na shule, na zile za karibu hakuna mwenye anataka mbwa." Alikuwa akiongea na dirisha, si na mimi. "Mume wangu alipolazwa, huyu ndiye alikuwa anasikia nikiongea. Hata sasa. Lakini siwezi kulala nje kwa sababu ya mbwa. Watu watasema nimerukwa na akili."

Kamanda alikuwa akitetemeka kikapuni kama kawaida ya Chiwawa. Nilimpa mkono aunuse, akaulamba. Nawaambia ukweli, moyo uliniuma. Nimewadunga wanyama wengi sindano hiyo na sikupoteza usingizi, kwa sababu walikuwa wameteseka vya kutosha. Huyu hakuwa na ugonjwa wowote ila kukosa pa kukaa.

"Kazi yake nini?" nikauliza.

"Kazi?" Mwalimu alifikiri. "Alikuwa taniboi."

Nikamwambia arudi naye nyumbani, na kwamba sindano zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Kisha nikaenda kwa Haji.

Nilimkuta zizini akimlisha Guracha majani kwa mkono. "Salaam aleikum, Haji," nikamwamkia, na tukaulizana amani, na mvua, na bei ya ngamia, kama ilivyo adabu. Halafu nikataja mbwa.

"Mimi sina shida na mbwa," Haji akasema. "Baba yangu alikuwa nayo huko nyikani. Mbwa ya kulinda mifugo, dini haikatazi. Lakini hii ya mwalimu inalinda nini? Sofa?"

"Mifugo iko hapa, Haji. Guracha analindwa na nani?"

"Guracha?" Alicheka. "Sisi ndio tunataka kulindwa, Guracha isitukule."

"Basi tumpe Kamanda kazi hiyo. Amzuie Guracha asipande ngazi. Akiweza, ni mbwa wa mifugo, na atakaa. Na ngazini mwalimu atambeba kikapuni, asiguse mahali pa watu."

Haji alimtazama beberu wake, mwenye pembe ndefu kuliko mbwa mzima, akatazama kule juu ambako kanzu yake iliishia. Nilimwona akivutwa huku na huku. Mtu aliyefanya biashara ya mifugo hawezi kukataa majaribio ya mnyama, hata akijua mapema nani atashinda.

"Sawa. Jumamosi. Lakini sikiza, daktari. Guracha ikitoka damu hata tone moja, mwalimu anahama siku hiyo hiyo. Idd ni karibu."

"Ana meno machache, Haji. Nimeyang'oa mwenyewe."

"Hata hayo machache yakae kwa mdomo yake."

Jumamosi wapangaji wote walikuwa kwenye baraza zao, na chai. Haji aliniamuru kwanza nimkague Guracha mbele ya mashahidi, pembe, kwato, macho, ili baadaye pasiwe na maneno. Nikamkagua, akala kifungo cha koti langu. Kisha mwalimu akamtoa Kamanda kikapuni na kumweka chini kabisa, mbele ya ngazi. Uso wake ulikuwa umekauka. Mizigo yake, niliiona mlangoni nilipofika, ilikuwa imefungwa tayari.

Kamanda alisimama akitetemeka. Juu ya baraza mtu akauliza kama mbwa ana malaria. Guracha alimnusa, akampulizia, akamruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaweka kwato mbili kwenye ngazi. Kamanda hakufanya lolote. Nilimwona Haji akianza kutikisa kichwa, na mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja.

Guracha akapiga hatua, na ngazi ile ya chuma ikalia kama lori linapopakiwa mbuzi.

Kutetemeka kukakoma. Nadhani mngekuwapo mngeona jambo ambalo mimi niliona: masikio yalisimama, kifua kikatoka mbele, na Kamanda akawa tena mbwa wa dashibodi. Alibweka mara moja, sauti kubwa isiyolingana na mwili, akaingia nyuma ya kwato za Guracha. Hakuuma. Alibweka kushoto, akabweka kulia, akamwacha beberu na njia moja tu iliyo wazi. Tabu ni kwamba njia hiyo ilikuwa ya kwenda juu.

"Rudisha chini!" mwalimu akapiga kelele. "Kamanda, chini!"

Kamanda hakujua habari za chini. Alimpeleka Guracha ghorofa ya kwanza, akampeleka ya pili, chai zikimwagika kwenye baraza, akampandisha hadi juu ya paa katikati ya nguo zote za jumba zima. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akauziba mlango wa paa kwa mwili wake huo huo mdogo, akatutazama sisi huku chini akisubiri lori liondoke.

Mimi nilijua tumekwisha. Tulikuwa tumeahidi kumzuia mbuzi asipande, na tumempandisha rasmi, mbele ya mashahidi. Mwalimu aliinama kuchukua kikapu chake.

Lakini Haji alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kanzu na yote, akishika mbavu. Nilifikiri ameshikwa na moyo. Alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Wallahi, hii mbwa inapakia!" alisema alipopata pumzi. "Mimi nimepakia mbuzi maisha yangu yote. Nimetafuta taniboi wa kupakia hivyo, sikupata. Hapa kushoto, hapa kulia, njia moja. Mwalimu, nani alifundisha hii?"

"Marehemu," Mwalimu Akiru akajibu, na hapo akalia, mara yangu ya kwanza kumwona akilia mbele ya watu.

Haji alisimama, akajikung'uta, akawa mwenye nyumba tena. Alisema atafikiria. Hakuhitaji kufikiria sana, kwa sababu Guracha alifikiri kwa niaba yake. Mbuzi aliyepakiwa akaona dunia kutoka juu, jua likampiga mchana kutwa na mlango wake ukilindwa na kitu chenye masikio, hataki tena mbao ya kupandia lori, na kwa Guracha mbao hiyo ilikuwa ngazi. Tulimshusha kwa shida jioni, mzima, hana mkwaruzo. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga ngazi. Akiisogelea, Kamanda alikohoa tu kutoka baraza ya ghorofa ya pili, na beberu akakumbuka shughuli nyingine. Nguo zikaanza kukauka kwa amani. Wale wale waliolalamika wakawa wanamuuliza mwalimu kama Kamanda ameamkaje. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi niliyekuwa nikiwacheka mbwa wa kikapu kwa miaka nilikaa kimya kwa adabu.

Idd ikafika. Guracha akachinjwa bila kilema, na Haji akatuma fungu la nyama kwa kila mlango, wa mwalimu ukiwamo. Siku ya pili mwalimu akapeleka ufunguo wa chumba kwa Haji. Ndivyo alivyo, kesho akipewa chenji iliyozidi atatembea juani kuirudisha.

"Haji, tulikubaliana mbwa wa mifugo," alimwambia. "Mifugo imekwisha. Sitaki kukaa kwa ujanja."

Haji alichukua ufunguo, akautia mfukoni, akarudi ndani. Mwalimu alinisimulia hayo akiwa amekaa juu ya masanduku, Kamanda mapajani.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Asubuhi ya siku ya soko la mifugo Haji akanipigia simu, akataka nimsindikize kuchagua beberu. Nikaenda, nikamfanyia kazi yangu kama nilivyofunzwa: nikamwonyesha wenye macho safi, miguu imara, wapole wanaosimama ukiwashika. Haji akawakataa wote.

"Haji, huyu ana kasoro gani?"

"Ni mzuri sana. Hiyo adabu yote nitafanyia nini?"

Tulizunguka mpaka mwisho wa soko, ambako kijana mmoja alikuwa ameshikilia pembe za beberu wa madoa kwa mikono yote miwili, huku beberu akitafuna pindo la shuka yake. Kijana alikuwa mkweli. "Haji, nitakuambia mapema. Hii iko na tabia mbaya. Inapanda kila kitu."

"Ngazi inapanda?"

"Ngazi? Hata paa ya msikiti imepanda, astaghfirullah."

Haji alilipa bila kupatana bei, jambo ambalo soko la Isiolo bado linalizungumzia. Mimi nilikuwa nimeanza kuelewa, na nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Alinitia mkononi kamba ya yule beberu, akatafuta mfukoni, akanipa na ufunguo.

"Peleka kwa mwalimu," alisema, akitazama kando. "Mwambie afungue mizigo. Na Kamanda aripoti kazini kesho asubuhi."